Maneno ya Ndugu

DADA: Haloo, nani mwenzangu? Sema upesi, nina pini mdomoni.

KIBERITI: Shikamoo, dada.

DADA: Nimeuliza nani.

KIBERITI: Ni mimi.

DADA: Mimi wako wengi duniani.

KIBERITI: Mimi mdogo wako.

DADA: Ahaa. Marahaba. Shangazi, simama hivyo hivyo, usijikune, pindo limejaa pini. Ni yule mdogo wangu niliyekusimulia. Ndiyo, huyo huyo. Kumbe yu hai.

KIBERITI: Unaongea na nani?

DADA: Na mteja wangu, namrekebishia gauni. Lazima ajue kwa nini kazi yake imesimama. Miezi minane, shangazi, tangu tumzike mama yetu. Alikuja mazikoni kama mgeni mwalikwa, akasimama nyuma kabisa, na udongo ulipokwisha kurudishwa na yeye akawa ameingia mitini. Miezi minane hata ujumbe wa kuuliza tumeamkaje hakuna. Leo anapiga mchana wa kazi, tena kwa namba ngeni.

KIBERITI: Hii simu ni ya nyumba nzima. Tunapeana dakika.

DADA: Kwa hiyo umefungwa.

KIBERITI: Hapana, dada—

DADA: Maana ninakojua mimi watu wanapeana dakika za simu ni jela.

KIBERITI: Niko kwa masista. Ile nyumba ya wagonjwa wasio na watu wao. Wazee wengi, na waliopooza. Nina miezi mitatu hapa.

DADA: Wewe umepooza nini?

KIBERITI: Sijapooza. Nahudumia. Najitolea.

DADA: Ngoja. Ngoja nitoe hizi pini nisije nikazimeza. [anacheka kwa muda] Rudia, shangazi naye asikie. Nimekuweka kwenye spika.

KIBERITI: Dada, usiniweke kwenye spika.

DADA: Nimeshakuweka. Sema.

KIBERITI: Najitolea kwa masista. Naogesha wagonjwa, nawalisha, nawageuza. Shikamoo, shangazi.

DADA: Shangazi hajaitikia, ameshika mdomo. Haya, nimetoa spika. Enhe. Wewe unaogesha wagonjwa.

KIBERITI: Ndiyo.

DADA: Kwa mikono hiyo hiyo.

KIBERITI: Ndiyo, dada.

DADA: Na uliwafikiaje hao masista? Ulitokewa na malaika?

KIBERITI: Nilikuja kupaka rangi. Walitaka mtu wa kupaka korido. Siku ya tatu mzee mmoja akaomba maji, na hapakuwa na mtu karibu. Nikaweka brashi chini nikampa. Akaomba tena. Basi.

DADA: Basi, na korido ikabaki nusu.

KIBERITI: Ilibaki nusu.

DADA: Shangazi, nilijua. Sikuhitaji kuwa mganga. Mpe huyu dunia aipake rangi, atakuachia upande mmoja mbichi.

KIBERITI: Niliimaliza baadaye. Nilikuwa napaka jioni, wagonjwa wakishakula. Ilichukua miezi miwili, lakini imeisha. Na mlango wa ofisi.

DADA: Imeisha yote?

KIBERITI: Mpaka kwenye kona.

DADA: Tuandike tarehe ukutani, kuna kitu amemaliza. Sasa umepiga ili nipige vigelegele? Nina gauni la watu hapa, linatakiwa leo.

KIBERITI: Nimepiga kwa sababu ya fomu. Leo ndiyo mwisho wa majaribio yangu. Anayetaka kubaki anaweka ahadi ya miaka miwili mbele ya Sista Mlezi, na ofisi inafungwa saa kumi. Asiyeweka anafungasha kesho asubuhi.

DADA: Weka basi, au fungasha. Mimi naingiaje?

KIBERITI: Fomu ina ukurasa wa mwisho. Unaitwa Maneno ya Ndugu. Maswali matatu. Ndugu anajibu, mimi naandika kwa mkono wangu, neno kwa neno, sipunguzi wala sipambi. Na ndugu yangu aliyebaki ni wewe.

DADA: Kwa nini wasinipigie wao wenyewe?

KIBERITI: Ndiyo utaratibu wa nyumba. Sista anasema mtu aandike mwenyewe jinsi watu wake wanavyomjua. Akishindwa kuyaandika hayo, basi na uchafu wa mgonjwa utamshinda.

DADA: Huyo sista ana akili kuliko nilivyomdhania. Yaani nikutukane, na wewe uandike.

KIBERITI: Ukitaka.

DADA: Kwa hati nzuri?

KIBERITI: Isomeke tu. Dada, nimepewa dakika kumi na tano, na nyingine zimeshakwenda kwenye kicheko chako.

DADA: Shika kalamu. Shangazi, na wewe geuka, nishike upande wa pili huku naongea, nisikuweke mpaka jioni. Taratibu. Moja, mbili, na ya mama. Hapo hapo. Mama gani? Hakuna, ni mazoea tu ya mdomo. Haya, wewe, swali la kwanza.

KIBERITI: "Mwombaji ni mtu wa namna gani?"

DADA: Andika: jina lake ni Kiberiti.

KIBERITI: Jina langu la cheti wanalo.

DADA: Umesema hupunguzi. "Jina lake ni Kiberiti. Tulimpa nyumbani, kwa sababu anawaka upesi na anazima kabla maji hayajapata moto." Umeandika?

KIBERITI: "...hayajapata moto." Nimeandika.

DADA: "Alifuga sungura. Walipoanza kuzaa akasema wamezidi, akawagawa kwa majirani, mabanda akatuachia sisi tuyavunje. Akanunua gitaa. Nyuzi tatu zikakatika, tatu zilizobaki mama akazifanya kamba ya kuanikia vitambaa. Akaenda kujifunza udereva, akaacha siku ya kufundishwa kurudi nyuma."

KIBERITI: Polepole, dada. "...kufundishwa kurudi nyuma."

DADA: "Ameokoka mara mbili."

KIBERITI: Dada, hii ni nyumba ya Mungu.

DADA: Ndiyo maana wajue. Mwezi wa pili aliokoka. Mwezi wa sita akaokoka tena, ile ya kwanza ilikuwa imeisha nguvu. Nyumba nzima hatukulala kwa maombi yake. Wiki ya tatu nafagia, naikuta Biblia imeingizwa chini ya mguu wa meza.

KIBERITI: Meza ilikuwa inayumba kweli.

DADA: Usinichekeshe, sina raha na wewe. Sasa ni zamu ya masista kupata nguvu yako ya soda. Wanakupa nini hao?

KIBERITI: Kitanda, chakula, sabuni.

DADA: Mshahara?

KIBERITI: Hakuna.

DADA: Rahisi ghali. Wataona wenyewe. Nini, shangazi? Shangazi anasema nikusifu kidogo, eti umebadilika. Shangazi, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hata tembo lenyewe hajagema. Nawajua watu wa namna hii. Wanapenda mgonjwa asiyewajua. Mgonjwa wa watu hana kumbukumbu na wewe. Hajui jana ulikuwa nani. Unampa kikombe cha maji, anakushukuru mpaka machozi, na wewe unalala ukijiona mtakatifu. Lakini mgonjwa wa nyumbani kwenu—

[mtandao unakwaruza]

KIBERITI: Umekatika hapo. Mgonjwa wa nyumbani nini?

DADA: Umesikia vizuri. Swali la pili.

KIBERITI: "Kuna mtu nyumbani anayemtegemea mwombaji?"

DADA: Andika: hakuna.

KIBERITI: Hakuna tu?

DADA: "Hakuna. Aliyekuwa anamtegemea tulishamzika." Nukta.

[kimya]

DADA: Sisikii kalamu.

KIBERITI: Inakwama.

DADA: Haikwami hiyo. Andika.

KIBERITI: "...tulishamzika."

DADA: Kumbe unaweza.

KIBERITI: Na wewe, dada?

DADA: Mimi nini?

KIBERITI: Wewe hunitegemei kwa lolote? Pengine ukiumwa. Au hapo dukani, mtu wa kukubebea majora. Kwa sababu kanuni inasema ndugu akiwa na pingamizi, kama nyumbani wananihitaji kweli, narudi bila lawama. Sista mwenyewe anakusindikiza mpaka getini, anakubariki.

DADA: Sema tena, polepole.

KIBERITI: Ndugu akiwa na pingamizi—

DADA: Ahaa. Shangazi, umesikia? Nilikuwa najiuliza kimempata nini mpaka akanikumbuka. Kumbe bwana mdogo anatafuta mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ni mimi.

KIBERITI: Sivyo, dada.

DADA: Ndivyo. Miaka miwili inakutisha. Kuondoka unaona haya, maana utaonekana kiberiti mbele ya sista wako. Kwa hiyo mimi niseme, rudi mdogo wangu, nakuhitaji. Halafu wewe uzunguke na shingo upande: "Nilitaka kumtumikia Mungu, dada ndiye aliyenizuia." Sungura uliwaachia nini? Dada hapendi harufu. Gitaa? Dada hapendi kelele. Udereva? Dada ana wasiwasi. Mimi nimekuwa sababu yako tangu unaota meno. Safari hii tafuta sababu nyingine, hii imechakaa.

KIBERITI: Naogopa, dada.

DADA: Ogopa. Si ugonjwa.

KIBERITI: Siogopi kazi. Naogopa siku nitakayoamka nikakuta sitaki tena. Unanijua. Hapa ukiondoka katikati kuna mtu analala kwenye uchafu wake mpaka apatikane mwingine. Hawa si sungura.

DADA: Hilo ndilo neno la kwanza la akili umesema leo.

KIBERITI: Basi niambie nikae au nirudi.

DADA: Sikukatazi. Wala sikuruhusu. Maji umeyavulia nguo mwenyewe, na mimi sisimami ukingoni kukushikia nguo zako. Swali la tatu.

KIBERITI: Niambie tu unavyoona—

DADA: Swali la tatu, au nakata.

KIBERITI: Subiri. Subiri, dada, saa tisa na nusu imefika. Babu Posta lazima nimgeuze.

DADA: Babu nani?

KIBERITI: Mzee wa kitanda hiki, hapa niliposimama. Alikuwa anapanga barua posta miaka arobaini, ndiyo tunamwita hivyo. Alipata kiharusi. Anageuzwa kila baada ya saa mbili, ukimchelewesha mgongo unachubuka. Usikate, nakuweka hapa kwenye mto wake.

DADA: Mimi na mto wa mzee wa watu wapi na wapi. Kazi yangu—

KIBERITI: Dakika moja. [simu inawekwa chini, kitanda kinalia] Babu. Babu, ni mimi. Nakugeuza sasa, sikuvizii. Utatazama dirisha, uone wanaopita. Shuka nimelikunja mara tatu, umelisikia hapo chini? Haya. Mkono wako mzuri uweke hapa. Tayari? Moja, mbili, na ya mama. [kitanda kinalia] Umeona, umejisukuma mwenyewe. Mto huu nyuma. Kisigino kikae hewani, kisiguse kitu. Nani? Yule mwanamke mwenye ndoo? Ndiyo, amepita tena. Hapana, barua bado, ikifika nitakuletea. [simu inainuliwa] Nimerudi, dada. Haloo?

DADA: [kimya]

KIBERITI: Haloo? Dada? Mtandao huu jamani—

DADA: Umesema nini?

KIBERITI: Nimesema haloo.

DADA: Ulipokuwa unamgeuza. Umesema nini?

KIBERITI: Nimemwambia atazame dirisha.

DADA: Baada ya hapo.

KIBERITI: Moja, mbili, na ya mama.

DADA: Nani alikufundisha?

KIBERITI: Hapa wote wanasema hivyo sasa, hata Sista Mlezi. Nilianza mimi, wakazoea. Babu anajua ile ya tatu ni yake. Asipoisikia hasukumi.

DADA: Sijauliza habari za Babu. Nimeuliza nani alikufundisha wewe. Kile chumba alichougulia mama tulikuwa wawili, mimi na yeye. Miezi saba. Hesabu ile ilikuwa yetu. Moja na mbili zangu, ya tatu yake, ajisukume kwa ule mkono uliobaki mzima, ili asijione gunia. Sikumwambia mtu. Na wewe hukukanyaga mle hata siku moja. Uji ulikuwa unaacha kizingitini, kama unalisha mbwa mkali.

KIBERITI: Nilikuwa mlangoni.

DADA: Mlango gani?

KIBERITI: Wa chumba. Nyuma ya pazia. Kila ulipokuwa unamgeuza.

DADA: Kila—

KIBERITI: Nikisikia umesogeza kiti, najua saa imefika. Nakuja nasimama. Shuka mara tatu, mto nyuma, kisigino hewani, unamwambia kwanza kabla hujamgusa. Kila siku nilikuwa najiambia leo naingia nishike upande wa pili. Nahesabu pamoja na wewe. Moja, mbili. Ikifika ya mama nabaki pale pale.

[mtandao unakwaruza]

KIBERITI: Dada, upo?

DADA: Shangazi, nisamehe, simama tu kidogo. Nipo. Unajua mimi nimekudharau kwa kosa gani miezi yote hii? Kwa kutokuwepo.

KIBERITI: Najua.

DADA: Hujui. Nilikuwa najisemea, anazurura mitaani, kijana, hajui uzito wa mtu aliyepooza, angejua angekuja. Nilikuwa nakutafutia udhuru, mimi mjinga. Kumbe ulikuwa hatua tatu. Mimi mgongo unakatika, mama anaona haya kunilemea, ananiambia pumzika mwanangu, na mwanaume mzima, mwenye mikono miwili, yuko nyuma ya pazia anahesabu.

KIBERITI: Ndiyo.

DADA: Usiniitikie ndiyo ndiyo, mimi si padri wako.

KIBERITI: Nisemeje?

DADA: Usiseme. Sasa naelewa. Mama alikuwa haachi kulitazama lile pazia. Mimi nikidhani anatazama upepo.

KIBERITI: Lilikuwa fupi.

DADA: Nini?

KIBERITI: Pazia. Ulilishona wewe, kitambaa hakikutosha. Halikufika chini. Miguu yangu ilikuwa inaonekana.

DADA: Alikuwa anajua.

KIBERITI: Alikuwa anajua. Hakuniita. Nilikuwa namwomba Mungu aniite, ili niingie kwa kuitwa. Naye alikuwa ananisubiri tu.

DADA: Wewe. Wewe hata kuingia kwa mama yako ulitaka uandikiwe barua.

[simu inalia mlio mfupi]

KIBERITI: Dada, hiyo ni dakika mbili za mwisho. Kuna mwenzangu anasubiri simu hapa mlangoni.

DADA: Soma swali la tatu.

KIBERITI: Tunaweza kuliacha wazi. Sista anasema ndugu ana haki ya kutojibu.

DADA: Soma.

KIBERITI: "Je, mwombaji anakimbia jambo lolote?"

DADA: Andika: ndiyo.

KIBERITI: "Ndiyo."

DADA: "Alisimama nyuma ya pazia miezi saba, mama yake akigeuzwa na mtu mmoja, nayo ni kazi ya watu wawili. Hakuingia. Mimi dada yake nimelijua leo, na sijamsamehe." Umefika wapi?

KIBERITI: "...nimelijua leo." "Na sijamsamehe." Watanikataa, dada. Akisoma hapa Sista atanikataa.

DADA: Wakikukataa simama mlangoni kwao. Umezoea. Sijamaliza, andika: "Kazi ya kugeuza mgonjwa anaijua. Nimemsikia leo kwa simu. Shuka, mto, kisigino, hakukosea popote."

KIBERITI: [anavuta kamasi]

DADA: Futa kamasi, usilowanishe fomu ya watu. Umeandika?

KIBERITI: "...hakukosea popote."

DADA: "Mkimkuta amesimama mlangoni, msimbembeleze, msimwombee, wala msimwite. Msukumeni aingie." Nukta. Chini weka: dada yake, fundi cherehani.

KIBERITI: "...aingie. Dada yake, fundi cherehani." Kuna nafasi ya saini yangu hapa chini. Nisaini?

DADA: Ruhusa nimeshakuambia huipati kwangu.

KIBERITI: Haya. Nasaini. [kalamu inakwaruza] Nimesaini, dada.

DADA: Nimesikia kalamu. Haijakwama. Ipeleke kabla ya saa kumi, na usisimame njiani kuzungumza na mtu.

KIBERITI: Mgongo wako unaendeleaje?

DADA: Leo ndiyo umeuona?

KIBERITI: Jumapili ya mwisho wa mwezi ndugu wanaruhusiwa kuja.

DADA: Nije kufanya nini? Na mimi nisimame nyuma ya pazia lenu?

KIBERITI: Uje ushike upande wa pili. Babu Posta ni mzito, dada, na mimi ninapomgeuza peke yangu huwa—

[simu inakatika]

DADA: Huwa nini? Haloo? Haloo. Imekatika, shangazi. Dakika zao zimeisha. Hapana, sina neno. Nipe hizo pini hapo mezani. Hizo, asante. Tulikuwa wapi? Pindo la nyuma. Haya, geuka nimalizie, simama ukitazama dirishani. Taratibu. Moja, mbili— Geuka tu, shangazi.